Mila Ikifika Majini
Mhadhara juu ya sheria na wavuvi wa asili wa pwani



Wapo waliosoma tangazo la mhadhara huu wakaguna. Uvuvi wa pwani, hapa Johannesburg? Mji umekaa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ulizaliwa kwa dhahabu mwaka 1886, na mwenye hamu ya maji ya chumvi itambidi ashuke mpaka Durban, safari ya zaidi ya kilomita 500. Samaki tunayemjua hapa ni wa barafu. Nawajibu hivi: mvuvi hukamatwa pwani, lakini sheria ya kumhukumu hutungwa na kufasiriwa bara. Hapo Braamfontein, kwenye kilima palipokuwa na magereza ya Old Fort na Number Four, ndipo inapokaa Mahakama ya Katiba ya nchi hii. Na Legal Resources Centre, asasi ya mawakili iliyoanzishwa Johannesburg mwaka 1979 na watu kama Felicia Kentridge na Arthur Chaskalson, ndiyo iliyosimama na wavuvi ninaotaka kuwasimulia habari zao.

Nina dai moja tu. Sheria za uvuvi za Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya zinamjua mvuvi wa asili kuwa mtu wa leseni. Hazimjui kuwa mtu aliyekuja na sheria yake. Afrika Kusini, baada ya ubishi mrefu, imekubali kwamba mtu huyo yupo. Nataka tuone ilikubali vipi, ilikubali kwa kiasi gani, na sisi wa mwambao wa Waswahili tunaweza kuchukua nini humo.

Twende Eastern Cape, kwenye ile pwani yenye mawimbi inayoitwa Wild Coast, iliyokuwa sehemu ya Transkei. Mto Mbhashe unaingia baharini kati ya misitu miwili, Dwesa upande mmoja na Cwebe upande wa pili. Serikali ya kikoloni iliiwekea misitu hiyo mipaka katika miaka ya 1890, na kuanzia hapo watu wakaanza kusukumwa kutoka pwani, kizazi hadi kizazi. Katika miaka ya 1970 Transkei ikaifanya hifadhi na uzio ukajengwa. Wanaume wa Transkei, kama mnavyojua, walikuwa wakiletwa huku kuchimba migodi. Waliobaki nyumbani walikuwa na mashamba madogo, mifugo kidogo, na bahari. Wanawake waliokota kome miambani maji yakitoka, wanaume wakavua kwa mishipi.

Ubaguzi wa rangi ulipoanguka, watu hao walidai ardhi yao, na mwaka 2001 mkataba ukatiwa saini kuwarudishia umiliki, kwa sharti kwamba pabaki hifadhi. Lakini miezi michache tu kabla ya hapo, Desemba 2000, waziri alikuwa ametangaza bahari iliyo mbele ya misitu hiyo kuwa eneo la hifadhi ya bahari chini ya Sheria ya Rasilimali Hai za Bahari ya mwaka 1998. Katika eneo la namna hiyo hakuna ruhusa ya kuvua bila kibali. Kwa hiyo watu wakarudishiwa msitu na kufungiwa bahari, na sijui kama mwandishi wa riwaya angethubutu kutunga mkasa wa namna hiyo.

Tarehe 22 Septemba 2010 wanaume watatu wa kijiji cha Hobeni, mmoja wao David Gongqose, walikutwa ndani ya hifadhi wakiwa na fito za kuvulia na chambo. Hawakuwa na kibali. Wakafikishwa mbele ya hakimu wa Elliotdale.

Utetezi wao ndio ulioifanya kesi hii iwe kesi. Mshtakiwa wa kawaida wa uvuvi haramu hukana: sikuwa pale, chombo si changu, nyavu nilizikuta. Hawa walikubali kila kitu. Walikuwa pale, walikwenda kuvua, kibali hawakuwa nacho. Walichobisha ni kwamba kitendo chao hakikuwa haramu, kwa sababu walikuwa wakitumia haki waliyopewa na sheria za kimila za watu wao, na kwamba sheria hizo ni sheria kama zilivyo nyingine.

Wakaleta ushahidi. Wazee na wataalamu walieleza kwamba uvuvi wa Hobeni una taratibu: mtoto hufundishwa na baba au babu yake mahali pa kuvua na wakati wa kuvua, samaki mchanga hurudishwa majini, na bahari ni mahali pa wahenga na pa waganga kutafuta tiba, kwa hiyo haiendewi ovyo. Hakimu aliwatia hatiani hata hivyo, mwaka 2012. Mahakama Kuu ya Mthatha ikakataa rufaa yao mwaka 2016. Hoja iliyowashinda ilikuwa nyepesi kuieleza: hata kama mila ilikuwapo, sheria ya 1998 imeizima.

Tarehe 1 Juni 2018 Mahakama Kuu ya Rufaa, huko Bloemfontein, ikaipindua hukumu hiyo. Jaji Ashton Schippers ndiye aliyeiandika. Kwa lugha yangu, njia aliyopita ni hii. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 211, inaziamuru mahakama zitumie sheria za kimila pale zinapohusika, mradi zisipingane na Katiba yenyewe wala na sheria ya Bunge inayozungumzia mila mahususi. Basi tuiulize sheria ya 1998: je, ilizungumzia mila mahususi? Haikuzungumza. Ilitaja wavuvi wa biashara, wa burudani na wa kujikimu, ikanyamaza kuhusu haki za kimila. Na haki ya watu haifutwi kwa kimya. Anayetaka kuifuta aseme wazi, ajibu hoja, na aulizwe kama Katiba inamruhusu.

Nyuma ya hoja hiyo kuna kazi iliyofanyika hapa Johannesburg. Mwaka 2003, katika kesi ya watu wa Richtersveld dhidi ya kampuni ya almasi ya Alexkor, Mahakama ya Katiba ilisema kwamba sheria za kimila zisipimwe kwa miwani ya sheria za Kizungu. Ni chimbuko la sheria linalojitegemea, linalopata nguvu yake kutoka kwenye Katiba. Kesi ile ilikuwa ya jangwa na almasi. Miaka 15 baadaye ikamvua pingu mtu aliyekuwa na ufito na chambo.

Schippers alisema na jambo jingine, na naomba wahifadhi waliopo humu ndani walisikilize. Mila ileile inayompa mtu haki ya kuvua inampa na wajibu wa kutunza. Haki ya kimila na uhifadhi haviko pande mbili za mzani.

Sasa tugeukie nyumbani.

Tanzania ina sheria nzuri ya ardhi ya vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Mwanakijiji wa Bagamoyo au Kilwa aliyerithi shamba la minazi kwa babu yake ana hakimiliki ya kimila, na sheria inasema hakimiliki hiyo ina hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali. Akitaka anaandikiwa hati; asipotaka, haki ipo vilevile. Hati inathibitisha kilichopo, haikiumbi. Sasa mtu huyohuyo ashuke kutoka shambani, avuke mchanga, aingie majini mpaka kwenye vifundo vya miguu. Haki yake ya kimila imeyeyuka. Kuanzia pale anatawaliwa na Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009, au akiwa Unguja na Pemba, Sheria ya Uvuvi namba 7 ya mwaka 2010. Humo ana leseni ya chombo, leseni ya uvuvi, ukubwa wa tundu la wavu, na orodha ya zana zilizoharamishwa. Babu hayumo.

Kenya imelisema wazi zaidi. Katiba ya 2010, ambayo ina maneno mazuri kuhusu ardhi ya jamii, katika kifungu cha 62 inaitia bahari ya nchi, pamoja na ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa, katika ardhi ya umma. Fikirini maana yake. Ule ufuo wa kupwa ambako mama wa Msambweni anachokoa pweza kwa kijiti, ambako nyuzio na mawando yamesimikwa tangu hajulikani nani alianza, si wa jamii hata kwa jina.

Mtaniambia kuna BMU, yaani kamati za wavuvi za kusimamia fukwe. Naam, zipo. Kenya ilizipa kanuni mwaka 2007, Tanzania Bara inazo, na Zanzibar ina kamati za wavuvi za shehia. Nimekaa na wanakamati hao na nawaheshimu. Wengi hufanya doria usiku kwa mafuta yao wenyewe. Lakini tuseme ukweli wa kisheria. Kamati hizo ni mkono wa serikali uliorefushwa mpaka ufukweni. Mamlaka yao yanatoka juu kwenda chini, na aliyetoa anaweza kutwaa. Zinaposimamia mila ya kijiji, zinaisimamia kwa sababu kanuni inaruhusu, na siku kanuni ikibadilika hakuna mahali pa kukata rufaa.

Na mila zilikuwapo. Kusini mwa Mombasa, upande wa Kinondo na Diani, wazee walikuwa na mizimu ya baharini, sehemu za miamba zinazotolewa sadaka, ambako hakuvuliwi kwa muda maalumu. Unguja ya kusini ilikuwa na wavyale, ambao bila idhini yao hakuna aliyefungua msitu wala mwamba. Mvuvi wa dago aliyetoka Kojani kwenda kupiga kambi Kipini au Mafia hakushusha tanga na kuanza kutega. Aliripoti kwa wazee wa pale, akaeleza anakaa mpaka lini na anavua kwa zana gani. Wanawake wa Kilwa na Mafia walikuwa na zamu na mahali pao pa kutanda. Hata misimu yenyewe ilikuwa sheria: kusi likishika, mitumbwi midogo hupumzika, na miamba nayo ikapumua. Ofisa wa uvuvi aliyekuja baadaye na jedwali lake alikuta jedwali lingine tayari likifanya kazi, isipokuwa halikuwa limepigwa chapa.

Ni kwa sababu ya kutolisoma jedwali hilo hifadhi kadhaa zilianza kwa ugomvi. Hifadhi ya Diani na Chale ilitangazwa mwaka 1995, na wavuvi waliikataa kwa nguvu hata ikabaki kwenye karatasi. Mwaka huohuo Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikawa ya kwanza Tanzania, chini ya sheria ya 1994 ambayo kwa haki ilitaka wanavijiji washirikishwe. Pamoja na hayo watu wa Jibondo, mabingwa wa majahazi na wa kupiga mbizi, waliishi na hifadhi hiyo katika mvutano wa miaka mingi. Linganisheni na Kuruwitu, Kilifi, ambako wavuvi wenyewe walifunga kipande cha bahari yao katikati ya miaka ya 2000 na kukiita tengefu. Au Kisiwa Panza, Pemba, ambako wanakijiji hufunga uvuvi wa pweza kwa miezi michache halafu siku ya kufungua huwa kama sikukuu. Uhifadhi ni uleule. Tofauti iko katika nani aliyetia komeo mlangoni.

Sasa Lamu. Watu wengi hawajagundua kwamba mwaka 2018 pwani ya Afrika ilipata hukumu mbili kubwa za wavuvi ndani ya wiki tano. Ile ya Hobeni ilitoka Juni 1. Aprili 30, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imetoa hukumu ya kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, iliyofunguliwa mwaka 2012 kupinga namna bandari mpya ya Lamu, sehemu ya mradi mkubwa wa uchukuzi wa LAPSSET, ilivyokuwa inajengwa. Mahakama iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa, kwamba haki ya mazingira na ya utamaduni ilikiukwa, na kwamba haki za jadi za wavuvi zilipuuzwa. Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76.

Nilifurahi siku ile kama mlivyofurahi. Lakini hesabuni: ukigawa sawasawa, kila mvuvi anapata takriban shilingi 380,000. Kwa mtu aliyekuwa na nyavu, mkondo anaoujua na mtoto wa kumrithisha mkondo huo, hiyo ni bei ya mashine ya boti na chenji kidogo. Na uchimbaji wa mkondo wa meli katika Ghuba ya Manda uliendelea. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Lamu walishinda, na ushindi wao ulikuwa wa fedha. Hobeni hawakupata hata senti moja, walifutiwa kosa tu. Ila walichoondoka nacho ni tamko kwamba wana sheria, na tamko hilo likaanza kuzaa. Mwaka 2021 kampuni ya Shell ilipotaka kupima mafuta kwa milipuko ya sauti mbele ya Wild Coast, jamii za pwani ile, wa Amadiba na wa Dwesa-Cwebe miongoni mwao, walikwenda mahakamani huko Makhanda wakiwa na haki za kimila mkononi. Desemba ile wakapata zuio, na Septemba 2022 mahakama ikabatilisha idhini ya upimaji. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Rufaa ilikubali kwamba idhini ilitolewa isivyo halali, ingawa ililegeza amri yenyewe kwa namna iliyowakera wanakijiji, na kesi ikapandishwa hapa kilimani. Wakili wa kampuni ya mafuta anayelazimika kujibu hoja ya mahali wanapokaa wahenga wa Wampondo! Hata atakayekataa imani ile atakiri kwamba mjadala umebadilika.

Msije mkadhani nimekuja kuuza mila kwa jumla na rejareja. Mila ina mashaka yake, na wakili mzuri wa upande wa pili atayafichua kabla hamjakaa vizuri.

La kwanza ni baruti. Kwa miongo kadhaa pwani ya Tanzania, kuanzia Tanga hadi Mtwara na hata kandokando ya Dar es Salaam, ililipuliwa na watoto wa pwani hiyohiyo. Wazee walijua nani analipua. Wengine walinunua samaki wake. Mila haikuizuia. Ilichukua vikosi vya serikali, vikiunganisha polisi, uvuvi na wengineo, kuipunguza. Vivyo hivyo na kokoro. Anayesema kijiji kiachwe kijitawale bila dola, aende kwanza akatazame mwamba uliolipuliwa.

La pili ni ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Ghuba ya Chwaka, Unguja, katika miaka ya 1990, wavuvi wa madema wa Marumbi na wavuvi wa nyavu wa Chwaka walifika mahali pa kuumizana, kwa sababu wavu unaoburutwa juu ya majani ya bahari hauachi dema salama. Kila upande ulikuwa na mila yake. Jaji angeshika ipi?

La tatu linanisumbua zaidi, nalo ni la mgeni. Haki ya Hobeni ni ya jamii moja inayokaa mahali pamoja na yenye mipaka inayojulikana. Pwani yetu haiko hivyo. Uvuvi wa Waswahili ni wa kusafiri: Mbajuni anashuka, Mkojani anapanda, na dago ni taasisi kongwe kuliko dola zetu zote. Tukiichukua hoja ya Schippers kama ilivyo na kuipanda Vanga, tunaweza kumpa mwenyeji rungu la kumfukuzia mgeni, na kumfanya Mpemba aliyekuja kwa upepo wa kaskazi, kama baba yake, kuwa mvamizi. Mila ya pwani haikuwa ya kufukuza. Ilikuwa ya kupokea kwa masharti.

Hapa ndipo ninapoomba tutazame kaskazini. Eritrea na Yemen zilipogombania visiwa vya Hanish katika Bahari ya Shamu, baraza la usuluhishi liliamua mwaka 1998 visiwa ni vya nani, na mwaka 1999 likachora mpaka. Lakini likasema kwamba mpaka huo haumfungi mvuvi mdogo. Wavuvi wa pande zote mbili wana uhuru wao wa zamani wa kuvua, kutua na kuuza, kwa vyombo na zana za asili, bila kuomba ruhusa ya dola ya pili. Meli za viwandani hazimo. Na baraza lilitaja waziwazi kwamba msingi wake ni mapokeo ya kisheria ya Kiislamu ya watu wa bahari ile, si fikra za Ulaya za mipaka tu. Waliokulia Lamu au Wete hawatashangaa; fikihi tuliyofundishwa chuoni inasema samaki wa baharini si mali ya mtu mpaka avuliwe.

Sisi wenyewe tuna karatasi ya namna hiyo, ingawa ni wachache wanaoikumbuka. Kenya na Tanzania zilipokubaliana mpaka wa baharini kwa kubadilishana barua, makubaliano ya mwaka 1976 yaliweka kwamba wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa ajili ya kujikimu wataruhusiwa kuvua ndani ya maili 12 za baharini kila upande wa mpaka wa bahari ya nchi. Ndiyo, imeandikwa. Na bado malalamiko ya watu wa Vanga na Jimbo kukamatwa ng'ambo hayaishi. Ningekuwa wakili Kwale au Tanga, ningetembea na nakala ya barua hiyo kwenye mfuko wa shati.

Oman nako, ambako ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili wamerudi kuishi, kila wilaya ya pwani ina kamati ya suna za bahari, ya manahodha wazoefu, na ugomvi wa wavu na mtego hupelekwa kwao. Serikali ya Muscat inaitambua kamati hiyo katika utaratibu wake wa uvuvi. Sisemi tuinakili. Nasema mila ya mabaharia inaweza kuingia katika dola ya kisasa bila kuvuliwa kanzu.

Nirudi Afrika Kusini kwa jambo la mwisho, maana msije mkaondoka mkidhani huku kumekamilika.

Kesi ya Hobeni haikuwa ya kwanza. Sheria ya 1998 ilipogawa haki za uvuvi, wavuvi wadogo wa Western Cape, ambao si wa kampuni wala si wa kujikimu tu, walijikuta nje ya kila fungu. Mwaka 2004 Kenneth George na wenzake, pamoja na asasi ya Masifundise, walimshtaki waziri. Mwaka 2007 wakapata amri ya makubaliano iliyotoa vibali vya muda na kumlazimisha waziri atunge sera mpya. Sera ya uvuvi mdogo ikatoka 2012, sheria ikarekebishwa 2014, kanuni zikaanza 2016. Sasa jamii za wavuvi zinatajwa, na mila inatajwa pia. Hayo ni mafanikio ya wavuvi wenyewe.

Lakini tazameni umbo lake. Jamii inaorodheshwa, inaunda ushirika, na ushirika unapewa haki ya miaka 15. Ugawaji ulianza kwa Northern Cape, Eastern Cape na KwaZulu-Natal. Western Cape orodha zilivurugika hata waziri mwenyewe akaiomba mahakama ifute zoezi, likafutwa 2021 na kuanzwa upya. Mtu ambaye hoja ya Schippers ilimtambua kuwa na haki isiyo na tarehe ya mwisho, leo anashika kupitia ushirika wake karatasi yenye tarehe ya mwisho. Na kwa kuwa sheria iliyorekebishwa sasa inagusa mila, serikali inaweza kurudi mahakamani na kusema: safari hii hatukunyamaza.

Hilo ndilo shimo ambalo sisi tunaweza kuliruka, kwa sababu daraja tunalo tayari nyumbani. Ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilishalitatua kwa upande wa nchi kavu: haki ya kimila ipo kwanza, haina lazima ya kuwa na muda, na hati huja baadaye kuithibitisha. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania Bara na ile ya Zanzibar zinahitaji kifungu cha namna hiyo kuhusu miamba, mikondo, mawando na kupwa. Kifungu hicho kiandike kwamba BMU au kamati ya shehia inasajili haki za matumizi za jamii na haizianzishi; kwamba haki hizo zinakwenda pamoja na wajibu wa kutunza, na baruti inazipoteza; kwamba wanawake wa kupwani wanasajiliwa kwa majina yao wenyewe na mahali pao, wasimezwe ndani ya leseni ya chombo ambacho hawakipandi; na kwamba dago linatambuliwa, likiwa na masharti yake ya kuripoti, pande zote mbili za mpaka wa 1976. Kenya itakuwa na kazi ngumu zaidi, kwa kuwa kifungu cha 62 kimo ndani ya Katiba, lakini hata ardhi ya umma inaweza kubeba haki za matumizi za watu.

Kabla ya Bunge lolote kukaa, ushahidi ukusanywe. Hobeni walishinda kwa sababu walipoulizwa mahakamani mila yenu ni ipi, walikuwa na wazee wa kuieleza na wataalamu waliokwisha kuiandika kwa miaka. Wazee wa Jibondo, wa Kojani, wa Moa na wa Faza bado wapo. Waandikwe sasa: majina ya miamba, nani alivua wapi, msimu gani, kwa zana gani, nani alimruhusu mgeni na kwa masharti gani, na ugomvi uliamuliwaje. Vyuo vyetu vya sheria vina wanafunzi wengi wanaotafuta mada ya tasnifu. Nimemaliza, nadhani mama pale nyuma ameshanyoosha mkono mara mbili, tuanze na swali lake.